Upindo wa Tarumbeta

3 Februari

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Sisi hatujambo, au tuseme tunapumua. Mama yako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi hata pale ambapo halipo. Mapacha wa shangazi yako wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wakicheka utadhani nyumba mbili zilizoachwa milango wazi. Cherehani yangu inalia kwenye kanyagio lakini inashona. Mimi nayo tuko hali moja.

Haya. Kimashine ulichotuma kimefika. Nikuulize: nani alikuagiza? Nilikuandikia kwamba daktari wa kifua amemwambia babu yako tarumbeta basi, na kwamba Bendi ya Idara ya Maji itamuaga ukumbini tarehe ishirini na sita Aprili, na kwamba baada ya siku hiyo hatapuliza tena maishani. Nikauliza: unakuja? Jibu halikuja, ikaja mashine ya kunasa sauti. Nimeuliza mtu nimejibiwa kifurushi.

Lakini imeshakuja, haitakaa bure. Alhamisi nimewanasa wakiwa mazoezini. Babu yako hajui na asijue. Miaka arobaini na moja namwambia kile anachopuliza ni kelele. Akijua nakusanya kelele zake, kichwa kitavimba, kofia ya bendi haitamwingia. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Simu ya nyumba hii inaishi mfukoni mwa shati lake.

Kifundo cha kuongeza na kupunguza sauti nimekiona, na taa pia, kijani, njano, nyekundu. Mimi darasa la tatu nilimaliza, sihitaji kushikwa mkono. Gunia likiwa lako unalijaza mpaka shingoni, kwa hiyo nimezungusha mpaka zote zikawaka, na nyekundu ikawaka kuliko wenzake. Tena nimeishonea mfuko wa jinzi isipate vumbi. Kadi moja ya ndani, ile inayobeba sauti, nimeishonea kwenye kitambaa. Kata kwa wembe, usivute.

Sikiliza uniambie. Na ujibu nilichouliza.

Bibi yako, ambaye hapendi kurudia


21 Februari

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na mwambie mama sijakonda. Chumba changu kiko juu ya karakana ya fundi viti, na tangu asubuhi anagonga misumari chini ya kitanda changu. Ndiyo adhabu ya mtu anayeishi kwa kusikiliza. Wape mapacha pole ya meno.

Kadi imefika. Nilikata kwa wembe, sikuvuta.

Bibi, usikasirike. Rekodi imeharibika. Babu akianza taratibu anasikika, ingawa ni kama amefunikwa koti, maana ule mfuko wa jinzi umeziba masikio ya mashine. Yale matundu mawili yenye wavu kule juu ndiyo maiki, yaache wazi. Lakini babu akipanda, sauti inapasuka kama mtu anatikisa bati. Kosa si la tarumbeta. Taa nyekundu haisemi "imejaa vizuri", inasema "imefurika". Mashine ina dari. Sauti ikigonga dari inakatwa kichwa, na kichwa kilichokatwa hakuna fundi wa kukirudisha, hata mimi.

Kwa hiyo punguza kifundo. Mazoezi ni kila Alhamisi, bado tuna muda.

Kifua chake kikoje? Anapanda ngazi?

Mjukuu wako,
Masikio


9 Machi

Wewe mtoto,

Leo hakuna mume. Mume ni yule anayejua kuongea na mkewe. Salamu nakupa kwa sababu nilifundwa nikafundika. Mama yako mzima. Paka amezaa wanne ndani ya kikapu changu cha vitambaa, juu ya suruali ya mwalimu mkuu. Mwalimu anasubiri suruali, paka hana haraka.

Barua ikianza na "usikasirike", aliyeandika anajua ameshakosea. Nimeshonea watu miaka hamsini, nimevalisha maharusi na maiti, hakuna aliyerudi kuniambia nimeharibu. Sasa naambiwa na kijana niliyemfuta kamasi kwa pindo la gauni langu.

Lakini sawa. Umesema nipunguze, nimepunguza. Nimekizungusha mpaka ikabaki taa moja ya kijani, inapepesa kama mtu anayesinzia kikaoni. Tena kwenye kioo palikuwa pameandikwa 24. Nikatafuta vitufe mpaka nikaibadilisha ikawa 16, maana umesema inafurika, na kinachofurika kinapunguziwa chakula. Nimefanya zaidi ya ulivyoniagiza. Mfuko wa jinzi nimeutoboa matundu ya masikio.

Ngazi anapanda. Alhamisi alisimama katikati akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Nikasubiri mpaka akamaliza kufunga.

Unakuja? Hii ni mara ya pili.

Bibi, aliyeharibu


24 Machi

Bibi, mke wangu mwenye moto,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya kukutuliza. Mimi mzima. Fundi viti amepata kazi ya viti mia mbili, Mungu anisaidie. Mwambie mwalimu mkuu avumilie, paka amemtangulia.

Safari hii hakuna kilichokatwa. Lakini babu yuko mbali, kama anapuliza ndani ya pipa mtaa wa pili. Nikimvuta karibu, shhhh inakuja naye, kama mafuta kikaangoni.

Nimekaa siku tatu natafuta namna ya kukueleza, nikakumbuka sare yangu ya darasa la kwanza. Ulinishonea kaptula yenye upindo wa vidole vinne. Nikalia kwamba wenzangu watanicheka. Ukasema, "Kilichokunjwa nitakikunjua. Kilichokatwa nitakitoa wapi?" Nikaivaa mpaka darasa la nne, kila mwaka ukikunjua kidogo.

Mashine nayo ni fundi cherehani, Bibi. Maelfu ya mara kwa sekunde moja inapima sauti imefika wapi na kuandika. Ile 16 na 24 wanaita biti, na si chakula. Hizo biti zinaamua alama za kwenye utepe wa kupimia ziwe laini kiasi gani. Kumi na sita ni utepe wenye alama nene. Kwa nguo kubwa unatosha kabisa. Lakini wewe ulimpima babu akiwa mdogo kama sisimizi, alama zilizomgusa zikawa chache, na nilipomkuza makosa yakakua naye. Mashine ina mvumo wake pia, nao ukakua. Ishirini na nne ni utepe wenye alama nyembamba kama uzi mpaka chini kabisa. Ukiwa nao unaacha upindo mpana bila hofu. Mimi huku nitaukunjua na nguo itakaa.

Ila utepe mzuri hauongezi kitambaa. Juu, penye sifuri, ndiyo ile dari, mkasi ni uleule, iwe kumi na sita iwe ishirini na nne.

Basi weka 24, usiiguse tena. Tafuta namna babu apulize sehemu yake ya juu kwa nguvu zote, uangalie namba kwenye kioo. Zungusha kifundo mpaka kilele chake kifike hasi kumi na mbili. Kutoka hapo mpaka sifuri ndiyo upindo wako. Usione ni mwingi. Mazoezini mtu hujibana, mbele ya watu hukua, kama mtoto mwenye sare.

Kuhusu kuja, tutaona.

Masikio


8 Aprili

Mume wangu,

Nimekurudishia cheo. Nyumbani wazima. Mama yako sasa anaona vumbi la jirani. Mwalimu mkuu amepewa suruali, amelalamika ina manyoya.

Mbona hukusema tangu mwanzo kwamba ni upindo? Unaniandikia dari, unaniandikia mafuriko, kumbe ni upindo! Hilo ningekufundisha mimi. Nimeiweka 24.

Sasa sikiliza nilivyompima. Jumapili nilimkuta sebuleni anapangusa tarumbeta. Nikaficha mashine nyuma ya kikapu, masikio nje. Nikamwambia, "Siku hizi unapuliza kama mtu anayepoza chai."

"Mke wangu, niache."

"Nimekuacha. Hata watakaokuja ukumbini watakuacha. Wa mstari wa nyuma watadhani unapiga miayo."

"Mimi? Miayo?"

"Miayo ya shaba."

Akasimama. Ewe mtoto! Paka alitoka na wanawe wote wanne mdomoni, sijui aliwabebaje. Jirani akagonga ukuta. Kioo kikasema hasi mbili. Nikazungusha kidogo, nikamwambia, "Sikusikia vizuri, nilikuwa natunga uzi." Akarudia. Hasi saba. Nikazungusha, nikasema, "Hapo mwisho hukuteleza?" Akarudia, na hiyo ikafika hasi kumi na mbili kamili. Kisha akakaa, ameshika ubavu. Nikamletea maji.

Kifundo nimekibandika plasta ya kidonda, hakiendi popote. Alhamisi nikapima ngoma kubwa, ikafika hasi kumi na nne. Nikawaomba wanabendi wapige makofi, nikapima makofi. Walidhani nawapongeza, wakainama. Hakuna sauti itakayotoka ukumbini siku ile ambayo sijaipima.

Sasa lile lingine, nalisema mara moja. Siku unaondoka babu yako alikwambia mtu wa kuzungusha vifundo si mwanamuziki. Nilikuwepo. Alikufundisha tarumbeta miaka sita, ukaliacha mezani kama kijiko, ukaenda. Wote wawili vichwa vyenu ni mawe, na mimi ndiye mtaa unaorushiwa. Lakini jiwe moja limebakiwa na siku moja. Unakuja?

Bibi


17 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima. Salamu kwa mama, shangazi, mapacha na paka.

Hasi kumi na mbili ni sawasawa. Hakuna fundi ambaye angeiweka vizuri zaidi. Tia betri mpya asubuhi ileile, bonyeza kitufe mara mbili, hakikisha namba za saa zinatembea. Keti mstari wa tatu katikati, usiishike mkononi, iweke juu ya kitu.

Tarehe ishirini na sita nina kazi. Usiniulize kazi gani.

Masikio


20 Mei

Bibi,

Shikamoo. Ni wiki tatu na siku tatu tangu siku yenyewe na sijapata barua, kadi wala tusi. Kukosa tusi lako kumenitisha. Nilimpigia mama kupitia simu ya jirani, akasema babu mzima, anakula, ukumbi ulijaa, na kwamba wewe huongei. Nikauliza huongei na nani, akasema na cherehani.

Ilizima? Betri? Ulisahau kubonyeza mara ya pili? Bibi, hata kama hakuna kitu ndani, niambie. Sitasema neno.

Ile kazi niliyokuwa nayo ilikuwa onyesho la mzee mmoja, naye wa tarumbeta. Wajukuu wake walikuwa wamejaa mstari wa mbele. Niliangalia namba tu, sikuinua macho.

Masikio


2 Juni

Mjukuu wangu,

Hujambo. Hapa wazima. Paka wawili tumegawa, wawili wamekataa kugawika. Mapacha meno yameanza kuchomoza. Mvua imeacha. Nimeshona mapazia ya zahanati, mapazia kumi na nane, yote marefu sawa.

Kadi hii hapa. Wembe.

Betri nilitia asubuhi. Kitufe nilibonyeza mara mbili. Mashine niliiweka juu ya mkoba, mkoba juu ya magoti yaliyobanwa sawasawa kama meza. Feni za ukumbi zilikuwa zinavuma, nikamwita mlinzi nikamwambia azime. Akasema watu watatoka jasho. Nikamwambia, "Waache watoke, walikuja kuoga?" Akazima. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Babu yako alivaa lile koti nililolipunguza mabega. Alipiga nyimbo nne za mwanzo vizuri. Nasema vizuri, usinilazimishe kurudia. Wimbo wa tano, ule wa mwisho, alisimama katikati, akashusha tarumbeta. Ukumbi ukanyamaza. Akainama kama anafunga kamba za viatu. Mimi nikaangalia namba kwenye kioo, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuangalia. Zilikuwa zimeshuka chini kabisa.

Kisha akainuka akapanda ile sauti ya juu. Akaishika. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

Sasa. Alipofika kumi na moja, mwanamke mmoja asiye na adabu, palepale mstari wa tatu, akapiga vigelegele. Vigelegele vya kuvunja vikombe, sentimita kumi kutoka kwenye mashine. Namba ikagonga sifuri, nyekundu ikawaka ikagoma kuzima. Upindo wote ule niliouacha, akaumaliza yeye, mpaka kwenye mshono.

Sikumwona vizuri.

Nilipima tarumbeta, ngoma na makofi. Nani angejua kwamba kuna mwanamke kama yule?

Mtoe. Wewe ni fundi, fanya uwezavyo. Babu yako alibakiwa na pumzi moja ya mwisho duniani ya kupulizia, na mtu mmoja mpumbavu ameikalia. Tarumbeta liko juu ya kabati, amelifunga kwa kitambaa. Sijamwambia kwamba kuna mashine, na usipomtoa huyo mwanamke sitamwambia.

Bibi


19 Juni

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Fundi viti amemaliza viti vyake mia mbili na mtaa mzima una amani, ila mimi nimekosa usingizi, nimezoea misumari.

Nimesikiliza. Saa nzima, kabla ya huyo mwanamke, haikugusa hata hasi sita. Hakuna shhhh, hakuna bati. Nimekunjua upindo taratibu na babu amesimama katikati ya chumba changu na koti lake. Nasikia hata kofia anavyoiweka kitini. Bibi, ninafanya kazi na watu wenye mashine kubwa kama makabati, na sijapokea rekodi safi kuliko hii.

Na pale alipoinama, kwenye ule ukimya, kwa utepe wa alama nene pangebaki mvumo tu. Utepe wa alama nyembamba umeshika kitu. Mtu wa mstari wa tatu, karibu kabisa na mashine, ananong'ona, "Inuka, baba. Inuka, inuka."

Sikumwona vizuri na mimi.

Huyo mwanamke siwezi kumtoa. Ameingia juu ya sauti ya babu, na kilele chake kimekatwa na mkasi. Kilichokatwa nitakitoa wapi? Ninachoweza ni kukata wimbo wa tano kabla ya ile sauti ya mwisho, babu aishie alipoinama. Au niache ilivyo. Nimekutumia diski mbili kwa ile redio yenu ya sebuleni. Ya kijani imekatwa. Ya nyekundu ni nzima, na mwanamke wake. Chagua wewe. Mimi ningejua la kuchagua, lakini sikuwepo, na asiyekuwepo hana kura.

Masikio


5 Julai

Mume wangu mdogo,

Hujambo. Mama yako mzima, shangazi yako mzima, paka wawili waliokataa kugawika wamekuwa wezi.

Nilichagua ya kijani. Nikaiweka mezani niende kunawa mikono. Kurudi, nakuta babu yako ametia ya nyekundu. Nikamuuliza kwa nini amegusa vitu vya watu. Akasema bahasha ina jina la nyumba hii na yeye ni mwenye nyumba.

Nikakaa kwenye cherehani nimpe mgongo. Nikashona. Sikuwa na kitambaa chini ya sindano, lakini nikashona.

Akasikiliza zote tano. Akafika pale. Yule mwanamke akapiga vigelegele vyake, sebule nzima ikapasuka kama bati. Nikangoja. Akarudisha nyuma. Ikapasuka tena. Akarudisha nyuma.

"Acha basi," nikamwambia. "Imeharibika hapo."

"Huyu nani?"

"Mwanamke mmoja."

"Namfahamu?"

"Humfahamu."

Akarudisha nyuma. Mara saba, nilihesabu. Akasema, "Ukumbini sikumsikia, nilikuwa napuliza. Miaka arobaini na moja yote nilikuwa napuliza, labda ndiyo maana sikuwahi kumsikia." Kisha akasema niiache hiyo cherehani, haina nguo.

Baadaye akauliza nani alipanga mashine. Nikasema mimi. Akacheka mpaka akakohoa. Nikasema, mimi, kwa barua za mjukuu wako. Akauliza vile vifundo vinazungushwaje. Nikamweleza upindo. Akauliza maswali kumi na nne, mtu huyu, na kila jibu anatikisa kichwa kama hakimu. Mwishowe akashusha tarumbeta kabatini, akalipangusa, akaliweka kwenye sanduku lake na kusema lisitumwe kwa posta, shaba inaingia mibonyeo. Mwenyewe aje alichukue.

Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza. Mimi mwaliko wangu nilishasema mara tatu na sirudii.

Diski ya kijani nimeitundika dirishani kufukuza ndege. Ya nyekundu usiiguse, usiirekebishe, usimwonyeshe mtu.

Nimekukatia shati jeupe. Miaka mitatu sijakupima, sijui umekonda kama mama yako anavyosema au umenenepa kama ninavyoomba. Mikono na kiuno nimeacha upindo. Njoo tukunjue.

Mkeo mzee